Maharagwe ya Kupika Polepole: Moto Kwanza, Subira Baadaye



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za nabii Elisha na wanafunzi wake wakati wa njaa. Mmoja wao alikwenda mashambani kutafuta mboga, akarudi na matunda ya mwituni asiyoyajua, akayakatakata na kuyatia chunguni. Walipoanza kula wakatambua kwamba chakula kile kina sumu, wakamlilia nabii. Elisha hakuwaagiza wakimwage. Aliomba unga, akautia chunguni, nao wakala bila kudhurika.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu tunataka kuzungumza juu ya chungu kingine, nacho ni chungu cha maharagwe. Chakula hiki ni chema, ni cha bei nafuu, na kwa familia nyingi ndiyo nyama ya kila siku. Lakini kikipikwa ovyo chaweza kuwatapisha watu wa nyumba nzima kwa mchana mmoja.

Siku hizi katika baadhi ya nyumba za mijini kimeingia chombo kipya, yaani sufuria ya umeme ya kupika polepole. Wengine wameletewa na ndugu zao walioko ng'ambo, wengine wameinunua madukani. Ndani yake kuna chungu kizito cha udongo wa kauri, na kukizunguka kuna nyaya zinazotoa joto dogo. Mama hutia chakula asubuhi, huwasha, huenda kazini, na jioni hukuta chakula kimeiva bila kuungua. Sufuria yenye nguvu ya wati 200 ikiwaka kwa saa 8 haiwezi kula zaidi ya yuniti 1.6 za umeme. Haina moshi, wala haihitaji mtoto wa kuachishwa masomo ili achochee kuni.

Sisi tunaunga mkono chombo hiki, na tunaunga mkono maharagwe. Tunalolipinga ni jambo moja tu: kutia maharagwe ndani ya sufuria hiyo na kuwasha joto dogo bila kuyachemsha kwanza kwa nguvu motoni.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Hatusemi haya kwa kusikia tu. Miaka michache iliyopita sisi tunaoandaa ukurasa huu tulikuwa na kikao cha siku nzima. Mmoja wetu alikuwa na sufuria ya namna hiyo, nasi tukaona tuipime kwa chakula cha mchana. Tuliloweka maharagwe mekundu tangu usiku, tukayatia asubuhi pamoja na nyanya, vitunguu na sukari guru, tukaweka joto la chini kabisa, kisha tukaendelea na kazi. Saa saba mchana harufu ilikuwa nzuri mno. Maharagwe yalikuwa bado magumu kidogo, lakini njaa haina adabu, tukala.

Haikupita saa mbili mwenzetu wa kwanza akatoka nje mbio. Kabla ya saa kumi karibu wote tuliokula tulikuwa tumetapika, na baadhi yetu tumbo la kuhara lilitusumbua hadi jioni. Usiku kila mmoja alikuwa na nafuu. Hatukumlaumu mwenye sufuria wala muuza maharagwe. Kosa lilikuwa letu, kwani tuliwaandikia wengine mambo ya afya huku wenyewe hatujui tunachopika.

SUMU YENYEWE NI IPI?

Maharagwe mabichi yana protini ya aina ya pekee iitwayo lektini. Ni kinga ambayo Muumba ameipa mbegu ili isiliwe ovyo na wadudu na wanyama. Maharagwe mekundu makubwa ndiyo yenye nyingi zaidi, lakini meupe nayo yanayo. Mwaka 2006 huko Japani mamia ya watu waliugua baada ya kipindi cha televisheni kuwafundisha kukaanga maharagwe meupe kwa dakika chache tu, kuyasaga na kuyala ili wapungue unene.

Lektini ikifika tumboni hushika ukuta wa utumbo na kuuchokoza. Maharagwe mabichi manne au matano tu yanatosha kumfanya mtu aumwe. Dalili huanza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula: kichefuchefu, kutapika sana, kisha kuharisha na maumivu ya tumbo. Wengi hupona siku hiyo hiyo. Mgonjwa apewe maji ya ORS kidogo kidogo, na ikiwa ni mtoto mdogo, mzee au mama mjamzito, au kama kutapika hakukomi, apelekwe zahanati bila kuchelewa.

Jambo la kushangaza ni hili: joto lisilotosha laweza kuwa baya kuliko kutopika kabisa. Maharagwe yakipashwa joto hadi karibu nyuzi 80 za sentigredi tu, nguvu ya sumu hiyo yaweza kuongezeka hadi mara tano. Vipimo vimeonyesha kwamba chakula kilichopikwa katika baadhi ya sufuria za polepole hakikupita nyuzi 75. Maharagwe ya namna hiyo huweza kulainika, yakanukia vizuri, na bado sumu ikawa imo.

Tunashukuru kwamba dawa yake ni rahisi kama ule unga wa Elisha. Lektini huharibika kabisa katika maji yanayotokota. Dakika 10 za kutokota sawasawa zinatosha, lakini wataalamu wengi hushauri dakika 30 ili kuwa na hakika kwamba joto limefika katikati ya kila punje. Sisi tunashika hizo 30.

WALIOANZISHA WALIFANYAJE?

Wengine hutuambia kwamba huko Marekani watu hupika maharagwe matamu yenye harufu ya moshi kwa joto dogo siku nzima, na hawadhuriki. Ni kweli, lakini tuangalie walivyofanya tangu zamani.

Maharagwe haya ya kawaida asili yake ni bara la Amerika. Wenyeji wa huko waliyalima maelfu ya miaka kabla Wareno hawajayaleta Afrika katika karne ya 16. Waingereza waliohamia Massachusetts katika karne ya 17 walikuwa Waprotestanti wa msimamo mkali ambao hawakufanya kazi yoyote Siku ya Bwana, nayo waliihesabu tangu jua la Jumamosi kuzama. Kwa hiyo Jumamosi walitia chungu cha maharagwe ndani ya tanuri la matofali. Tanuri lilipoa polepole, na chakula kikabaki cha moto bila mtu kuwasha kuni. Mji wa Boston ulipata sifa kwa chakula hicho hata ukabandikwa jina la mji wa maharagwe.

Utamu wake ulitoka katika molasi, ule mwisho mweusi wa miwa, iliyoletwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi. Tusisahau kwamba miwa ile ilikatwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Chunguni walitia pia nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi.

Hata sufuria ya umeme yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya maharagwe. Aliyeibuni ni Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Alipata wazo kutokana na simulizi za familia yake ya Kiyahudi iliyotoka Lithuania, ambako akina mama walipeleka vyungu vya maharagwe na nyama katika tanuri la mwoka mikate siku ya Ijumaa jioni, ili wapate chakula cha moto siku ya Sabato bila kuwasha moto. Mwaka 1970 kampuni ya Rival iliinunua kazi yake, na mwaka 1971 ikaitoa sokoni kwa jina la Crock-Pot.

Sasa tutazame vizuri. Tanuri la matofali na tanuri la mwoka mikate huwa na joto kali mwanzoni, ndipo hupoa. Aidha, akina mama wa Boston walikuwa na desturi ya kuyachemsha maharagwe kwanza motoni, mpaka ngozi yake ipasuke ukiipulizia, kabla ya kuyatia tanurini. Kwao moto mkali ulitangulia na subira ikafuata. Sufuria ya umeme hufanya kinyume chake, kwa kuwa huanza na ubaridi na kupanda taratibu. Anayeiga mwisho wa mapishi yao na kuuacha mwanzo wake hajaiga chochote.

Hata bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa habari za lektini. Waliweka chungu juu ya mafiga matatu, wakachochea moto, maharagwe yakatokota kwa saa nyingi, na sumu ikafa. Kazi hiyo ilifanywa na kuni zenyewe. Tunapobadilisha jiko hatuna budi kujua jiko la zamani lilikuwa likitufanyia nini.

JINSI YA KUPIKA BILA HOFU

Kwa familia ya watu sita, tunashauri hivi:

1. Chukua maharagwe nusu kilo. Chagua mawe, tupa yaliyooza au kukunjamana. Maharagwe ya mavuno mapya huiva upesi. Yaliyokaa muda mrefu ghalani mwenye joto na unyevu huwa magumu na hayalainiki vizuri.

2. Loweka usiku kucha katika lita mbili za maji. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza vizuri. Maji hayo huondoka na sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni.

3. Tia maji mapya, bandika juu ya jiko la gesi, mkaa au umeme, na chemsha kwa nguvu dakika 30. Anza kuhesabu pale maji yanapotokota, si pale unapobandika. Wenzetu wa Mbeya, Njombe na nyanda nyingine za juu wasipunguze dakika hizo. Maji ya Mbeya hutokota kwenye nyuzi kama 94 tu, na ndiyo maana maharagwe ya huko huchelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam.

4. Mimina maharagwe pamoja na maji ya moto katika sufuria ya polepole. Ongeza vitunguu viwili na punje nne za kitunguu saumu. Maji yapite maharagwe kwa upana wa vidole viwili. Funika na uache hadi yalainike kabisa, kiasi cha saa 5 hadi 8. Usifunue mara kwa mara, kwani kila ukifunua joto hupotea.

5. Yakishalainika ndipo utie nyanya tatu, sukari guru vijiko viwili vya chakula, haradali kidogo ukiwa nayo, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Acha kwa saa mbili nyingine mpaka mchuzi uwe mzito.

Wengi hukosea hapo mwisho. Nyanya, limau na siki huzuia ngozi ya maharagwe isilainike, na molasi pia hufanya hivyo kwa sababu ya chokaa iliyomo. Wapishi wa Boston waliitia molasi mapema kwa makusudi, ili maharagwe yao yasipondeke katika saa nyingi za tanuri. Katika joto dogo la sufuria ya umeme utabaki na punje ngumu hata usiku wa manane, kama tulivyobaki sisi siku ile.

UTAMU NA MOSHI KWA KIASI

Vijiko viwili vya sukari guru kwa watu sita ni kama kijiko kimoja cha chai kwa kila mtu. Inatosha. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, na ingefaa zaidi iwe nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Mwenye kisukari apike bila sukari guru na atumie kitunguu kingi kilichoiva polepole, ambacho kina utamu wake. Maharagwe yenyewe yanamfaa, kwa kuwa wanga wake huingia mwilini taratibu. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize kwanza daktari wake.

Watoto waliofikisha miezi sita wanaweza kupewa maharagwe yaliyopondwa laini, bila sukari wala chumvi. Asali asipewe mtoto yeyote kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kuhusu moshi, nyama ya nguruwe ya kukausha tunaiacha kwa sababu mbili. Siku za Ijumaa za Kwaresima haitufai, na mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Harufu nzuri tunaipata kwa kuchoma vitunguu, nyanya na pilipili hoho juu ya makaa kwa dakika chache, kumenya sehemu nyeusi na kuitupa, kisha kuzitia chunguni. Anayependa aweza kuongeza kipande kidogo cha samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Moshi uliomo chunguni ni kidogo. Moshi wa kuogopwa ni ule uliomo jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya laki mbili kati ya hao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maharagwe ndicho chakula kinachomkalisha mama mbele ya moshi kwa muda mrefu kuliko vyote. Kwa hiyo anayempunguzia mama saa za kuchochea anayaokoa mapafu yake.

Wengine hupunguza saa hizo kwa kutia magadi. Ni kweli maharagwe hulainika, lakini magadi huharibu vitamini B1, na magadi ya sehemu za kaskazini mwa nchi yetu mara nyingi yana floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto na kuyapa rangi ya kahawia. Kuloweka hufanya kazi hiyo hiyo bila madhara.

WASIO NA UMEME

Tusifikiri kwamba mapishi haya ni ya wenye fedha tu. Chukua kikapu kikubwa au sanduku, kijaze nyasi kavu au matambara safi, na uache shimo la kukaa sufuria. Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa dakika 30, yafunike yakiwa bado yanatokota, itie sufuria katika shimo lile na uizibe juu kwa mto mzito. Baada ya saa nne hivi yatakuwa yamelainika au karibu kulainika. Yatoe, yarudishe motoni yatokote tena, uunge na kuandaa. Usiyaache humo hadi kesho, kwa maana chakula cha vuguvugu ni shamba la vijidudu. Kikapu hiki hakina nyaya za kuongeza joto, kwa hiyo hakuna anayeweza kudanganyika kwamba kitachemsha badala yake. Kwa upande huo kina usalama kuliko sufuria ya dukani.

TUNACHOOMBA

Serikali yetu imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Tunafurahi. Lakini jiko jipya linahitaji mafundisho mapya. Vijitabu tulivyoviona ndani ya maboksi vimeandikwa kwa lugha za kigeni, na picha zake ni za kuku na keki. Tunawaomba wauzaji waweke karatasi moja ya Kiswahili yenye maneno haya: Maharagwe yachemshwe kwanza dakika 30.

Aidha, watu huchanganya vyombo viwili. Sufuria ya umeme ya presha hupika kwa joto lililopita nyuzi 100, na humaliza sumu hiyo yenyewe. Lakini baadhi ya sufuria hizo zina pia kitufe cha kupika polepole. Ukikibonyeza hicho, presha haipo tena, nawe umerudi kwenye hatari ile ile. Mwenye sufuria ya namna hiyo amfundishe na binti anayemsaidia kazi za nyumbani, maana mara nyingi yeye ndiye anayebonyeza.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na akina mama wa parokia wanaweza kufundisha jambo hili kwa dakika tano baada ya sala. Wanaopikia semina, shule na mahafali wana wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu kosa lao huangusha watu mia kwa pamoja.

Wakati wa Kwaresima maharagwe huwa mezani mara nyingi. Tusiyadharau kwa kuyaita chakula cha wanafunzi na wafungwa. Katika kila gramu 100 za maharagwe makavu kuna zaidi ya gramu 20 za protini, pamoja na madini ya chuma na nyuzinyuzi nyingi. Yakiliwa na mahindi, kama katika makande, protini za vyakula hivyo viwili hukamilishana. Tule na chungwa au mboga za majani ili mwili upate ile chuma, na chai tuiache hadi baadaye, maana huizuia.

Subira jikoni ni jambo jema. Lakini kabla ya saa nane za subira tunadaiwa nusu saa ya moto. Tuitoe nusu saa hiyo, kisha tufunike chungu na kwenda kazini kwa amani.